Risasi Isiyo na Risasi

Chukua pakiti ya risasi za kuwindia, ujaribu kumweleza mtu kwa Kiswahili kila kilichoandikwa juu yake. Utakwama mapema. Neno letu ni moja, nalo linabeba mizigo mitatu. Risasi ni madini, yale mazito, laini, ya kijivu, ambayo jina lake tulilipata kwa Waarabu. Risasi ni kile kipande kinachoruka kutoka mtutuni. Na dukani, risasi ni kitu kizima: ganda, fataki kitakoni, baruti ndani, na kile kipande mdomoni. Zamani hapakuwa na ugomvi, maana kipande kilichoruka kilikuwa cha madini hayo hayo. Sasa viwanda vinauza kipande cha shaba nyekundu tupu, na mfasiri mwaminifu anajikuta ameandika "risasi isiyo na risasi". Msomaji akicheka, hana kosa.

Dawa ya hilo ni nyepesi. Tukitaka metali tuseme "madini ya risasi". Tukitaka kile kitu kizima tuseme "risasi kamili". Na "risasi" peke yake ibaki kuwa kipande kinachofika kwa mnyama. Kazi ngumu inaanza pale kinapofika, kwa sababu hapo ndipo wawindaji wanapobishana na ndipo Kiswahili kinapohitaji istilahi isiyoyumba.

Risasi ya kuwindia imetengenezwa ibadilike umbo ndani ya nyama. Ncha yake ni ya madini laini iliyoachwa wazi, au ina tundu dogo. Ikigonga, majimaji ya mwilini yanaisukuma ncha hiyo kutoka ndani, koti la shaba linaloifunika risasi linachanika kwa mistari na kukunjika kurudi nyuma, na kipande kilichoingia na kipenyo cha milimita 7.8 kinaweza kuendelea na safari kikiwa na upana wa mara mbili hivi. Waingereza wameliona umbo hilo wakakumbuka uyoga. Sisi tuna maneno ya kuchagua. "Kupanuka" na "kutanuka" yamo katika vitabu vya fizikia, yakieleza chuma kinachopata joto. Ukiyaleta huku, mwanafunzi atafikiri risasi imevimba kwa kuungua. "Kulipuka" ni uongo, kwa kuwa ndani ya kipande hakuna baruti hata chembe. "Kupasuka" nalihifadhi kwa ajili ya aibu nyingine nitakayoieleza. Linabaki "kuchanua", nalo ndilo ninalolitetea. Ua likichanua hufunguka kuanzia nchani, huku kikonyo kikibaki kizima, na hivyo ndivyo risasi njema inavyotenda: mbele inafunguka, nyuma inashikilia. Risasi za shaba tupu hata hufunguka kwa vipande vinne au sita vinavyofanana na majani ya ua. Nomino yake naikwepa. "Mchanuo" umeshachukuliwa na watu wa bajeti na mipango ya biashara, hatuwezi kuwanyang'anya.

Tabia hiyo ya kuchanua ina historia chafu kidogo. Katika miaka ya 1890, kwenye kiwanda cha silaha cha Dum Dum karibu na Calcutta, afisa wa Kiingereza Neville Bertie-Clay aliiacha wazi ncha ya risasi ya jeshi ya .303, kwa sababu risasi zilizofunikwa koti zima zilikuwa zikimpita adui bila kumsimamisha. Mwaka 1899 mkutano wa The Hague ulitoa tamko la kukataza vitani risasi zinazochanua au kuwa bapa kwa urahisi mwilini mwa binadamu. Msituni sheria imegeuka kichwa chini miguu juu. Sheria ya kulungu ya mwaka 1991 huko England na Wales inadai risasi ya raifo iwe na ncha laini au ncha yenye tundu; ya koti zima hairuhusiwi. Sababu ni ile ile iliyoikera The Hague. Mnyama anayewindwa anatakiwa afe upesi, na risasi isiyochanua inaweza kutoboa tundu jembamba kwenye mapafu, mnyama akakimbia mbali na kufa usiku mahali asipoonekana.

Kuchanua kuna bei yake. Kadiri kichwa kinavyochanua, ndivyo nyama inavyokipinga, na ndivyo safari inavyofupika. Jina la safari hiyo halina tatizo, ni "kupenya", na kipimo chake ni kina. Uchaguzi wote wa risasi ni mapatano kati ya maneno haya mawili, na muuzaji anayekuahidi yote mawili kwa ukamilifu anakuuzia karatasi ya pakiti.

John Nosler wa Oregon aliilipa bei hiyo mwaka 1946 akiwinda muusi huko British Columbia. Muusi ni mnyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, na dume lake huweza kupita kilo 500. Nosler alikuwa na .300 Holland & Holland, bunduki yenye kasi kubwa, na risasi zake zilivunjikavunjika juu juu badala ya kufika ndani. Hiyo ndiyo aibu niliyoliwekea neno "kupasuka": risasi imechanua kupita kiasi hadi haina tena mwili wa kupenya. Mtu mwingine angenunua bunduki kubwa zaidi. Nosler alirudi kwenye karakana yake akatengeneza koti la shaba lenye kiambaza katikati, madini ya risasi mbele na madini ya risasi nyuma. Chumba cha mbele kiruhusiwe kuharibika kitakavyo, kiambaza kikilinde cha nyuma. Risasi hiyo, Partition, ilianza kuuzwa mwaka 1948 na bado inauzwa.

Naipenda Partition kwa sababu moja ya kiistilahi: inaumbua kipimo ambacho wengi wanakiabudu, yaani uzito uliobaki. Ni rahisi kukielewa. Unaiokota risasi ndani ya mzoga, unaiosha, unaipima, unalinganisha na uzito wake wa kiwandani. Wazungumzaji wa Kiingereza hupima kwa greini. 7,000 zinafanya ratili moja, na greini 180 ni takriban gramu 11.7. Risasi za shaba tupu mara nyingi hubakiza zaidi ya asilimia 90. Partition hupoteza kiasi cha theluthi, kile chumba cha mbele, na bado inapenya vizuri. Kwa hiyo asilimia kubwa si ushahidi kwamba risasi imefanya kazi, na theluthi iliyopotea si ushahidi kwamba imeshindwa.

Kuna mtego mkubwa kuliko huo. Risasi inayookotwa ni ile iliyobaki ndani. Zilizotoka upande wa pili zimezama kwenye udongo, hakuna wa kuzipima, na huenda ndizo zilizofanya kazi bora, kwa sababu matundu mawili hutoa damu nyingi ya kufuatwa kuliko moja. Mtu akikuonyesha kiganjani risasi tano zilizochanua kwa uzuri wa kupigiwa picha, muulize alipiga ngapi kwa jumla. Muulize pia zilipita wapi. Risasi iliyopita kwenye mbavu na mapafu haijafanya mtihani sawa na iliyogonga mfupa wa bega la pofu.

Tena umbali hubadilisha kila kitu, na mara nyingi kinyume na watu wanavyodhani. Risasi ya greini 180 kutoka bunduki ya .30-06 huondoka mtutuni kwa kasi ya mita 820 hivi kwa sekunde, na ikifika mita 300 imeshuka hadi karibu 650. Mpigaji anaogopa shabaha ya mbali, kumbe risasi laini huteseka zaidi kwa mnyama aliye mita 30, ambako kasi bado ni kali na koti linachanika mapema. Mbali sana tatizo hugeuka: kasi imepungua, hasa kwa shaba tupu ambayo ni ngumu kuliko madini ya risasi, na ncha inaweza kukataa kufunguka. Neno la Kiswahili "imekataa" linafaa hapa kuliko istilahi yoyote ya kubuni.

Maabara husaidia kiasi. Daktari Martin Fackler wa jeshi la Marekani alieneza matumizi ya jeli ya kiwango cha asilimia 10 kuwa mfano wa misuli, na kwa jeli hiyo tukajifunza kutenganisha vitu viwili: tundu la kudumu, yaani nyama iliyosagwa kweli, na uwazi wa muda, yaani nyama iliyosukumwa kando kisha ikarudi. Jeli haina mifupa wala tope kavu kwenye manyoya. Inakuambia risasi hii ikilinganishwa na ile, haikuambii muusi wa Nosler.

Shaba tupu haikuingia sokoni kwa sababu ya kupenya peke yake. Kampuni ya Barnes ilitoa ya kwake mashuhuri mwaka 1989, ikiwalenga wawindaji wa wanyama wakubwa, lakini msukumo mkubwa ulitoka kwa ndege. Kondori wa California, aliyebaki na ndege 22 tu mwaka 1982, alikuwa akila matumbo yaliyoachwa porini yakiwa na chembe za madini ya risasi, na sumu hiyo ikamuua. Tangu Julai 2019 jimbo la California linakataza madini hayo katika risasi zote za kuwindia. Chembe hizo hizo huonekana katika picha za eksirei za nyama ya kulungu, mbali na tundu lenyewe, na mlaji hazioni. Anayewinda kwa ajili ya kitoweo cha watoto ana haki ya kulijua hili kwa lugha yake.

Bado ipo risasi iliyokusudiwa isichanue kabisa. Tuiite hivyo hivyo, "risasi isiyochanua", maana "risasi ngumu" inachanganya ugumu wa metali na tabia yake. W. D. M. Bell, aliyepewa jina la Karamoja kwa ajili ya eneo lile la kaskazini-mashariki mwa Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi kwa risasi nyembamba za milimita 7 na greini 173 zenye koti zima. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe, na simwandikii sifa. Lakini alijua mahali ubongo ulipo, na risasi yake ilikwenda moja kwa moja bila kupinda. Miaka mingi baadaye mwindaji John Taylor, katika kitabu chake cha mwaka 1948, alibuni hesabu ya nguvu ya kuangusha: uzito mara kasi mara kipenyo, kisha gawanya kwa 7,000. Kwa hesabu hiyo bunduki ya .375 hupata alama 40 hivi, na bunduki ya Bell haifiki hata nusu. Taylor mwenyewe aliihusisha na tembo aliyepigwa kichwani ubongo ukakoswa. Walioirithi wameitumia hata kwa swala.

Kwa nyati, ushauri wa zamani ni risasi inayochanua kwanza, ikiwa mnyama yuko peke yake, kisha zisizochanua kwa zile zinazofuata, kwa sababu atakuwa ameshageuka na itabidi zipenye kutokea nyuma. Ndani ya kundi kubwa, hata ile ya kwanza iliyo laini kupita kiasi ni kheri kuliko inayompita mmoja na kumjeruhi wa pili.

Anayeijua zaidi risasi ni mchunaji, na mara nyingi haulizwi. Daftari lake lingehitaji safu chache tu: mnyama, umbali, ilipoingia, mfupa uliogongwa, alikimbia hatua ngapi, ilipotoka, na uzito uliobaki. Kama risasi imetoka nje, safu ya mwisho iachwe wazi. Isiandikwe sifuri.