Teke la bunduki

Teke la bunduki (pia: mrudio wa bunduki) ni msukumo wa kurudi nyuma ambao mpigaji anausikia begani au mkononi wakati risasi inapotoka. Karibu kila silaha inayorusha kitu kwa nguvu ya baruti ina teke, kuanzia gobore la mkulima hadi mzinga wa jeshi. Ukubwa wake hutegemea uzito wa kinachorushwa, kasi yake, kiasi cha baruti na uzito wa silaha yenyewe. Jinsi mpigaji anavyolisikia ni jambo jingine: hapo huingia umbo la kitako au mpini, namna ya kushika, mlio na hofu.

Katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, Tanzania, zinapatikana pamoja silaha za vizazi tofauti: magobore yanayojazwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, bunduki za marisau za walinzi, bunduki za jeshi na polisi, na bastola za kisasa. Kwa hiyo eneo hili linafaa kuonyesha jinsi teke lilivyobadilika pamoja na miundo ya silaha.

Jinsi linavyotokea

Chanzo cha teke ni kanuni ya tatu ya Newton: kila kani ina kani nyingine iliyo sawa nayo na ya kuelekea kinyume. Baruti inapoungua ndani ya mtutu, gesi yake husukuma risasi mbele na wakati huohuo husukuma bunduki nyuma. Momenta ya risasi pamoja na gesi (yaani tungamo mara kasi) ni sawa na momenta ya bunduki inayorudi.

Mfano wa bastola unasaidia. Risasi ya milimita 9 yenye gramu 8 ikitoka kwa kasi ya mita 360 kwa sekunde ina momenta ya 2.88 (kilogramu mara mita kwa sekunde). Tukiacha gesi pembeni, bastola ya kilo 1 itarudi kwa kasi ya mita 2.88 kwa sekunde, nayo itabeba nishati ya takriban jouli 4.1. Bastola ya nusu kilo ikipiga risasi hiyohiyo itarudi kwa mita 5.76 kwa sekunde, na nishati yake itakuwa takriban jouli 8.3. Uzito umepungua mara mbili, nishati ya teke imeongezeka mara mbili. Hapa ndipo penye ugumu wote wa kubuni bastola: watu wanataka silaha nyepesi ya kubeba kutwa nzima, lakini mkono hulipa wepesi huo kila risasi inapotoka.

Mwendo wa teke la bastola si wa kurudi nyuma tu. Mtutu uko juu ya mkono unaoshika, kwa hiyo msukumo huizungusha silaha na kuinua mdomo wake. Mpigaji analazimika kuurudisha kwenye shabaha kabla ya risasi ya pili. Kadiri mtutu unavyokaa juu zaidi ya mkono, ndivyo unavyoinuka zaidi.

Gobore katika Kibaha na Kisarawe

Gobore ni bunduki ya kushindilia: baruti huingizwa kwa mdomo wa mtutu, ikafuatiwa na kizibo na risasi au vipande vya risasi, vyote vikashindiliwa kwa mdeki. Aina za kale ziliwashwa kwa gumegume, za baadaye kwa fataki. Kwa Wazaramo wa Kisarawe na Wakwere wa Kibaha ni chombo cha kuwinda na cha kulinda mihogo na mahindi dhidi ya nguruwe pori, nyani na tumbili, hasa katika vijiji vilivyo karibu na misitu kama Kazimzumbwi na Ruvu Kusini.

Mara nyingi kudumu kwa gobore huelezwa kuwa ni suala la umaskini au la mila, lakini historia ya sheria ina uzito zaidi. Katika miaka ya 1880 bunduki zilizoingia pwani ya Afrika Mashariki kupitia Zanzibar zilihesabiwa kwa makumi ya maelfu kila mwaka. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuuza silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Tawala za kikoloni zilifuata njia hiyo: Mwafrika akiruhusiwa silaha, basi ni ya kushindilia. Teknolojia iliyokuwa imepitwa na wakati Ulaya ikawa ndiyo halali kwa wenyeji, na mafundi wa vyuma wakajifunza kuitengeneza na kuikarabati.

Wakati wa Vita vya Maji Maji (1905–1907), vilivyofika pia Uzaramo, ambako jina la jumbe Kibasila linakumbukwa hadi leo, magobore yalikabiliana na askari wa Kijerumani wenye bunduki za Mauser za mwaka 1871 na bunduki za rashasha. Mauser hiyo nayo ilitumia baruti nyeusi. Risasi yake ilikuwa na gramu 25 na ilitoka kwa mita 430 hivi kwa sekunde, hivyo momenta yake ni karibu mara nne ya ile ya bastola iliyotajwa juu. Hata hivyo, kwa kuwa bunduki ilikuwa na uzito wa takriban kilo 4.5, ilirudi kwa mita 2.4 tu kwa sekunde, polepole kuliko bastola ndogo. Bega lilisukumwa kwa nguvu, lakini halikuchapwa. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Kijerumani katika Afrika Mashariki walikuwa bado na silaha hizo, na moshi wake mzito uliwafichua kwa adui.

Teke la gobore lina tabia yake. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hubaki kuwa masizi na moshi wa chembe yabisi badala ya gesi. Vyote hivyo hurushwa mbele, na vyote huongeza msukumo wa nyuma. Baruti nyingi pia haipimwi kwa mizani. Mpigaji akizidisha kidogo kwa kutaka risasi ifike mbali, teke hukua haraka kuliko faida anayoipata. Kitako chembamba huelekeza msukumo wote kwenye sehemu ndogo ya bega, ndiyo maana wapigaji wa gobore wana alama za michubuko ambazo mwenye bunduki ya kiwandani hazijui.

Hatari kubwa zaidi haiko begani. Teke kali kupita kawaida huweza kuwa dalili ya shinikizo kubwa kupita kawaida ndani ya mtutu. Bunduki ya kiwandani hupimwa kwa risasi za majaribio zenye nguvu kuliko za kawaida kabla ya kuuzwa; gobore lililoundwa kwa bomba ambalo halikukusudiwa kuwa mtutu halina kipimo hicho. Likishindiliwa mara mbili kwa kusahau, au kizibo kikiacha nafasi kati yake na baruti, mtutu unaweza kupasuka na kukata vidole au kupofusha jicho. Mtu anayesifu gobore lake kwa sababu linapiga teke kama punda anasifu onyo.

Bastola na mazoea ya wapigaji

Bastola nyingi za kujipakia zenyewe hutumia teke kama mtambo: msukumo huirudisha nyuma sehemu ya juu inayoteleza, ganda tupu linatupwa nje, na spiringi inairudisha mbele ikiwa na risasi mpya. Mmarekani John Browning alikamilisha mfumo huu mwanzoni mwa karne ya 20, na bastola yake ya M1911 ilitumiwa na jeshi la Marekani kwa zaidi ya miaka 70. Ilikuwa ya chuma, yenye uzito wa takriban kilo 1.1. Mwaka 1982 jeshi la Austria lilichagua Glock 17, ambayo fremu yake ni ya plastiki ngumu na uzito wake bila risasi ni takriban gramu 630. Tangu hapo plastiki imekuwa kawaida. Fremu hiyo hupinda kidogo wakati wa kupiga na hivyo hurefusha muda wa teke, ingawa fizikia ya wepesi haiondoki.

Kwa muda mrefu wapigaji wengi waliamini kwamba silaha inayopiga teke kubwa ndiyo silaha ya kweli. Kisa kinachoeleza vizuri zaidi gharama ya imani hiyo kinatoka FBI, idara ya upelelezi ya Marekani. Baada ya mapambano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambamo maofisa wake wawili waliuawa, idara hiyo ilihamia risasi kubwa ya milimita 10. Teke lake likawashinda maofisa wengi, risasi ikapunguzwa nguvu, na mwaka 1990 ikatoka risasi fupi ya inchi 0.40 ambayo polisi wengi wa Marekani waliipokea. Katikati ya miaka ya 2010 FBI ilirudi kwenye milimita 9. Sababu zake ni mbili: risasi za kisasa za kipimo hicho zilikuwa zimeboreshwa sana, na maofisa wengi walipiga shabaha kwa haraka na usahihi zaidi kwa teke dogo. Karibu miaka 30 ilipita ili kurudi mahali palepale.

Tatizo linaloharibu shabaha zaidi kuliko teke lenyewe ni kulingojea. Mpigaji aliyeumizwa mara ya kwanza huanza kukaza misuli, kufumba macho na kusukuma mtutu chini kabla risasi haijatoka. Walimu huligundua hilo kwa kuchanganya risasi za mazoezi zisizo na baruti ndani ya magazini: silaha ikifyatuka bila kulia, mkono unaotikisika huonekana wazi. Mlio nao huchangia, na vizuia sauti vya masikioni hupunguza hofu kwa kiasi kinachowashangaza wengi. Kwa sababu hiyo kumpa mwanafunzi silaha kubwa ili azoee ni mbinu mbaya. Kuanza na kipimo kidogo cha inchi 0.22 hujenga mkono bora. Nguvu za mwili zina nafasi ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mshiko wa juu, wa mikono miwili, na kuinama kidogo mbele humsaidia mtu mdogo wa umbo kumshinda mwenye misuli.

Mwelekeo wa miundo

Miundo ya bastola inayotoka sasa inaonyesha njia kadhaa za kupunguza mzigo wa mkono. Ya kwanza ni kuteremsha mtutu karibu na mkono: bastola ya Laugo Alien ya Ucheki, iliyotokea mwaka 2019, ina mtutu usiosogea uliowekwa chini kabisa. Nyingine ni matundu karibu na mdomo wa mtutu yanayotoa gesi kuelekea juu ili kuubana chini. Yanafanya kazi, lakini huongeza mlio na mwako unaoumiza macho usiku.

Wakati huohuo soko linavuta upande wa pili. SIG Sauer P365 ya mwaka 2018 ina uzito wa takriban nusu kilo na magazini ya risasi 10, na mafanikio yake yalifanya viwanda vingine viige. Bastola hizo hubebeka kwa urahisi, ila wengi wanaozinunua huzifanyia mazoezi kidogo kwa sababu hazipendezi kupiga.

Miwani ya nukta nyekundu iliyowekwa juu ya sehemu inayoteleza imeenea pia. Haipunguzi teke hata kidogo. Hata hivyo, inamwonyesha mpigaji jinsi nukta inavyoruka na inavyorudi, hivyo anaona kosa lake mwenyewe. Bastola za kielektroniki zinazomtambua mwenyewe kwa alama za vidole au uso, kama ile iliyotangazwa na kampuni ya Biofire ya Marekani mwaka 2023, zina kazi ya ziada: vifaa vyake laini lazima vistahimili mtikisiko wa kila risasi.

Sheria nchini Tanzania

Silaha za moto nchini Tanzania Bara zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Tanzania pia ni mshiriki wa Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, inayotaka silaha ziwekewe alama na kuandikishwa. Leseni inahitajika kwa bastola na kwa gobore vilevile. Umri wa silaha au kutengenezwa kijijini hakuiondoi kwenye sheria. Mwaka 2022 serikali ilitoa msamaha kwa watakaosalimisha kwa hiari silaha wanazozimiliki kinyume cha sheria, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Oktoba, na magobore yalikuwa miongoni mwa silaha zilizopokelewa.