Manifoldi ya injini yenye supachaja: Kiungo kisichoonekana nyuma ya umeme wa gesi Mtwara

GESI asilia iliyogunduliwa na kampuni ya AGIP ya Italia mwaka 1982 katika Ghuba ya Mnazi, kaskazini mwa maingilio ya Mto Ruvuma, ilikaa ardhini kwa zaidi ya miaka 20 bila kuwasha hata taa moja. Ilipofika mwaka 2007, mji wa Mtwara ulikuwa umeanza kupata umeme wa gesi hiyo, iliyosafirishwa kwa bomba la takriban kilometa 27 kutoka Msimbati hadi kwenye kituo cha kufua umeme cha megawati 18. Kituo hicho hakikufungwa tabaini kubwa kama zile za Ubungo, Dar es Salaam, bali injini za pistoni, kila moja ikiwa na uwezo wa megawati mbili.

Injini ya gesi ya namna hiyo ni ndugu wa karibu wa injini ya petroli yenye kabureta. Huwashwa kwa cheche ya plagi, na katika nyingi za aina hii hewa na gesi huchanganywa nje ya silinda, katika kifaa kinachofanya kazi ileile ya kabureta. Kisha mchanganyiko husukumwa kwa nguvu na kugawiwa silinda kupitia manifoldi ya kuingizia hewa. Kisukumaji kikizungushwa na injini yenyewe, kwa mkanda au kwa gia, huitwa supachaja. Kikizungushwa na moshi unaotoka, huitwa tabochaja. Kwa upande wa manifoldi, tofauti hiyo si kubwa.

Katika injini ya kawaida, manifoldi ni bomba tu lenye matawi, na pistoni ndizo zinazovuta hewa, hivyo ndani yake mgandamizo huwa chini ya ule wa nje. Supachaja hugeuza hali hiyo. Manifoldi huwa chombo cha mgandamizo, na kama kabureta imetangulia mbele ya supachaja, kilichomo ndani si hewa tupu bali ni mchanganyiko ulio tayari kulipuka. Valvu ya kuingizia ikivuja, au cheche ikitokea wakati usiofaa, moto hurudi nyuma na kulikuta bomba zima limejaa kuni.

Hatari hiyo ilijulikana zamani. Ndege za Catalina zilizosaka nyambizi katika Bahari ya Hindi kutoka Mombasa na Dar es Salaam wakati wa Vita Kuu ya Pili zilikuwa na injini za Pratt & Whitney za silinda 14, ambazo kabureta yake ilitangulia supachaja, na kutoka hapo kila silinda ilipata bomba lake. Injini ya Rolls-Royce Merlin ya zama hizohizo iliwekewa vichujio vya chuma ndani ya njia ya mchanganyiko ili kuupoza na kuuzima moto unaorudi. Anayejenga manifoldi ya namna hii leo huweka pia valvu ya usalama yenye springi, inayofunguka mara mgandamizo unapopanda ghafla. Kuiacha kwa sababu ya gharama ni ubahili wa hatari.

Mpangilio wa pili ni kuiweka kabureta baada ya supachaja. Hapo sehemu yenye mchanganyiko hupungua, lakini kabureta nzima hukaa ndani ya mgandamizo. Bakuli lake la petroli lazima lipate mgandamizo uleule wa hewa inayoingia, na pampu ya petroli iuzidi. Vinginevyo petroli hukataa kupanda na injini hukosa mafuta wakati inapobeba mzigo mkubwa, wakati ambao pistoni huungua.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni joto. Hewa ya nyuzi 30, ambayo ni ya kawaida katika pwani ya Mtwara, ikigandamizwa mara moja na nusu kwa supachaja yenye ufanisi wa asilimia 65, hufikia nyuzi 87 hivi. Kwa kuwa hewa ya moto hutanuka, ongezeko halisi la hewa katika silinda si asilimia 50 bali ni 26 tu. Ikipitishwa katika rejeta na kushushwa hadi nyuzi 50, ongezeko hufikia asilimia 41. Fundi anayeongeza kasi ya supachaja bila kuipoza hewa ananunua joto, na joto ndilo linalofanya mchanganyiko uwake wenyewe kabla ya wakati na kugonga pistoni.

Hapa gesi ya Ghuba ya Mnazi, ambayo karibu yote ni methani, ina faida. Methani huvumilia mgandamizo kuliko petroli, na haigeuki matone. Petroli hushikamana na kuta za manifoldi iliyo baridi, ikaifikia silinda moja kwa wingi na nyingine kwa uhaba. Ndiyo maana manifoldi nyingi za petroli hupashwa joto kidogo. Gesi haihitaji hayo. Hata hivyo inahitaji nafasi: ujazo mmoja wa methani huungua na takriban ujazo 10 wa hewa, hivyo gesi hula sehemu ya nafasi ya hewa, na injini ya petroli ikibadilishwa kutumia gesi bila kusukumiwa hewa hupoteza nguvu.

Ujenzi wenyewe huanzia kwenye gasketi. Matundu yake huchorwa juu ya bamba la chuma la unene wa milimita 10 au 12, hilo ndilo flenji. Matawi hukatwa kwa urefu unaokaribiana, na chumba cha kugawia hufanywa kipana ili silinda iliyo mbali isinyimwe. Flenji hufungwa kwa bolti kwenye bamba zito kabla ya kuchomelewa, kwa kuwa joto hulipinda, na uchomeleaji hufanywa kwa vipande vifupi, upande huu kisha ule. Baada ya kupoa uso wake husawazishwa kwa mashine. Ndani husafishwa hadi mabaki ya kuchomelea yaishe, kwani punje moja ikiingia katika silinda hukwaruza ukuta wake.

Jaribio la mwisho hufanywa kwa maji, si kwa hewa iliyogandamizwa sana, kwa sababu maji hayarushi vipande chombo kikipasuka. Matundu huzibwa, maji hujazwa, mgandamizo hupandishwa kupita ule utakaotumika, na fundi hutazama kila mshono. Ndipo sabuni na hewa ya mgandamizo mdogo hutumika kusaka uvujaji mdogo kwenye gasketi, kabla injini haijawashwa kwa mara ya kwanza bila mzigo.