Bweni na Mamlaka ya Malezi: Shule za Bweni katika Ukanda wa Mlima Meru, 1904 hadi 2023

1. Utangulizi

Historia ya elimu nchini Tanzania mara nyingi huieleza shule ya bweni kuwa jawabu la umbali: shule zilikuwa chache, watoto walitoka mbali, hivyo ikabidi walale shuleni. Maelezo haya yana ukweli, lakini hayatoshelezi yanapopimwa kwa mazingira ya Mlima Meru. Shule ya Ilboru, iliyoanzishwa na misheni ya Kilutheri mwaka 1946, imo katikati ya migomba na maboma ya Waarusha, karibu kabisa na mji. Makala haya yanadai kuwa, pamoja na umbali, bweni lilijibu swali zito zaidi: ni nani mwenye mamlaka ya kumlea mtoto?

2. Misheni na ukoo

Shule za bweni za mwanzo katika Afrika Mashariki zilihudumia watoto waliokwisha kutenganishwa na kwao. Huko Unguja, kuanzia miaka ya 1860, wamisionari wa UMCA waliwalea watoto waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Bweni ndilo lililokuwa nyumba yao. Hali ya Meru ilikuwa tofauti. Mtoto wa Kimeru au wa Kiarusha alikuwa na ukoo, na baada ya tohara aliingia katika rika lenye wazee walezi wake.

Wamisionari wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri mwaka 1896, na majeshi ya Wajerumani yakalipiza kisasi kwa ukatili. Ni baada ya kipigo hicho ndipo misheni iliposimama Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Mzazi aliyetakiwa kumtoa mwanawe alikuwa akimkabidhi kwa watu waliokuja nyuma ya bunduki. Kusita kwake, ambako mara nyingi huitwa kutojua thamani ya elimu, kunastahili kusomwa kuwa utetezi wa haki ya malezi.

3. Bweni la walowezi

Mwaka 1934 ilifunguliwa Arusha School, shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Hapa bweni halikukusudiwa kumtenga mtoto na desturi za wazazi wake, bali kumhifadhi ndani yake. Nyuma yake ulikuwapo mfano wa shule za Uingereza kama Eton, iliyoanzishwa mwaka 1440 kwa ajili ya wanafunzi maskini 70, kisha ikageuka kuwa shule ya matajiri. Mfano huohuo ulitumiwa Budo, Uganda, tangu mwaka 1906, na Tabora katika miaka ya 1920, kuwaandaa wana wa watawala wa jadi. Kwa upande mwingine, shule ya Carlisle, iliyofunguliwa Marekani mwaka 1879, iliwatenga watoto wa wenyeji asilia na lugha zao. Vitanda vilipangwa kwa safu zilezile na kengele ililia vilevile. Kilichotofautiana ni nani aliyeamua, na kwa faida ya nani.

4. Bweni la taifa

Baada ya uhuru, Arusha School iliwapokea watoto wa rangi zote. Elimu ya Kujitegemea (1967) iliitaka kila shule iwe jumuiya yenye kuzalisha, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha serikali kuzichukua shule za madhehebu. Wanafunzi wa sekondari walipangiwa shule nje ya mikoa yao ili bweni lijenge umoja. Lengo lilikuwa jipya, lakini kanuni ilirithiwa: mlezi bora alitafutwa nje ya nyumba. Kuanzia mwaka 2004 shule za kata, nyingi zikiwa za kutwa, zilienea, na wazazi wenye uwezo wakageukia mabweni ya shule binafsi, hata kwa watoto wadogo.

5. Hitimisho

Mwaka 2023 serikali ilizuia huduma ya bweni kuanzia elimu ya awali hadi darasa la nne, ikisisitiza malezi ya wazazi. Mizani imegeuka: dola inamrudisha mtoto nyumbani, ilhali mzazi mwenyewe ndiye anayempeleka bwenini. Mgeuko huu hauelezeki kwa umbali, kwa kuwa shule sasa ziko karibu kuliko wakati wowote. Unaelezeka iwapo historia ya bweni itasomwa kuwa historia ya mvutano juu ya malezi, na mzazi wa Meru akahesabiwa tangu mwanzo miongoni mwa wahusika wake wakuu.