Boston: Wasomi walipokwenda kuuliza mtaani

Mei 1992, ndani ya kanisa la Morning Star Baptist huko Mattapan, mjini Boston, Marekani, waumini walikuwa kwenye ibada ya kumuaga kijana aliyeuawa kwa risasi. Vijana wakavamia, wakamshika mmoja wa waombolezaji, wakampiga na kumchoma visu mbele ya watu wote. Milio ya risasi watu wa Boston walishaizoea. Lakini damu kumwagika kanisani, maiti ikiwa bado haijazikwa, hilo liliwatoa wachungaji nje.

Hali ilikuwa imeharibika haraka. Mwaka 1987 vijana wa miaka 24 kushuka chini waliouawa jijini humo walikuwa 22. Mwaka 1990, biashara ya dawa za kulevya aina ya crack ikiwa imepamba moto na bastola zimezagaa, walifika 73. Miaka mitano iliyofuata wastani ulikuwa 44 kwa mwaka.

Polisi nao hawakuwa na wa kuwaambia kitu. Oktoba 1989 Charles Stuart, mzungu, alidai kwamba mtu mweusi ndiye aliyemuua mkewe mjamzito kwa risasi. Polisi wakaingia mtaa wa Mission Hill na kuwapekua vijana weusi ovyo ovyo, hadharani. Januari iliyofuata ikabainika kwamba Stuart mwenyewe ndiye aliyepanga mauaji hayo. Baada ya aibu ile, mama gani wa Mission Hill angempigia simu askari kumtaja jirani yake?

Ndipo wachungaji kina Eugene Rivers, Raymond Hammond na Jeffrey Brown wakaunda umoja wa TenPoint, wakawa wanatembea usiku katika mitaa ya Dorchester na Roxbury kuzungumza na vijana vijiweni. Mwanzoni Rivers aliwashambulia polisi kwa maneno makali. Baadaye wachungaji hao wakakubali kushirikiana nao, kwa sharti: polisi wakimwonea mtoto, watasema hadharani.

Mwaka 1995 wakaja watu wa chuo kikuu. David Kennedy, Anne Piehl na Anthony Braga wa Harvard walipewa fedha na taasisi ya utafiti ya Wizara ya Sheria ya Marekani. Kilichonivutia ni namna walivyoanza. Walichukua orodha ya vijana 155 wa miaka 21 kushuka chini, waliouawa kwa bunduki au kisu kati ya 1990 na 1994. Wakawakalisha chumba kimoja askari wa kikosi cha magenge, maofisa wa probesheni na wafanyakazi wa jiji wanaoshinda mtaani na vijana. Jina likisomwa, wanaulizwa: huyu aliuawa na nani, kwa ugomvi gani, na genge lilihusika? Kisha ikatandazwa ramani, wakaonyesha kila genge linakaa wapi, lina watu wangapi na linagombana na nani.

Hesabu ilipofungwa, magenge yalikuwa 61 yenye watu wapatao 1,300, chini ya asilimia moja ya vijana wa jiji. Hao ndio waliohusishwa na angalau asilimia 60 ya mauaji ya vijana. Mauaji mengi yalitokana na visasi vya muda mrefu kati ya kundi na kundi. Kwa mtu wa mtaani hilo halikuwa jipya. Wasomi walichofanya ni kuliandika na kulihesabu, likawa kitu ambacho meya hawezi kukipuuza.

Mei 1996 wanachama wa magenge waliitwa kikaoni. Waliambiwa wazi: kikundi kitakachoua, kitaandamwa chote na vyombo vyote vya dola; lakini kwa anayetaka kutoka, shule na kazi zipo. Agosti genge la Mtaa wa Intervale likakamatwa, na wengine wakajua kwamba si maneno matupu. Mwaka huo waliuawa vijana 26, mwaka uliofuata 15. Wapo wasomi wanaokumbusha kwamba uhalifu ulikuwa unashuka Marekani nzima miaka hiyo, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo, tathmini ya Braga na wenzake ilikuta wastani wa mauaji ya vijana kwa mwezi umeshuka kwa asilimia 63.

Halafu sifa zikaleta ugomvi. Kila mmoja alitaka ionekane ni kazi yake. Wengine wakahamishwa, vikao vikafa, na kufikia 2000 mpango ulikuwa umeachwa. Mwaka 1999 watu wa rika zote waliouawa Boston walikuwa 31. Kufikia 2005 walizidi 70. Mpango ulirudishwa 2007, na tathmini iliyochapishwa 2014 ilionyesha kuwa magenge yaliyofikiwa yalipunguza matukio ya risasi kwa asilimia 31. Ramani ile haikuwa siri, na waliojua kuitumia walikuwapo. Miaka saba ilipotea kwa sababu hakuna aliyewaita tena mezani.