Giaboksi Ngeni katika Land Rover la Kale

Wako watu washikao kwamba gari la kale likiisha kutolewa giaboksi yake ya asili na kutiwa nyingine, si gari lile tena. Hukumu hii hutolewa mara nyingi juu ya Land Rover, na wanaoitoa ni wapenzi wake hasa. Nia yao ni njema, kwani kitu cha kale kikiguswa na kila mkono hupotea. Lakini historia ya gari lenyewe haiwi shahidi wao.

Katika mwaka wa 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa akitumia jeep la Willys, mabaki ya vita, katika shamba lake kisiwani Anglesey. Yeye na ndugu yake Spencer, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni hiyo, waliazimu kuunda gari lao la shamba. Gari la kwanza la majaribio lilikuwa na chasisi ya jeep, na ndani yake zilitiwa injini na giaboksi za gari dogo la Rover. Gari kamili lilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu, kwa kuwa chuma kiligawiwa kwa kipimo baada ya vita. Na giaboksi yake ya gia nne ilikuwa ile ile ya magari ya mjini, ikaongezewa nyuma yake giaboksi ndogo ya kugawa nguvu, ambayo mafundi huiita transfa. Basi Land Rover lilizaliwa kwa tendo lile lile ambalo leo huitwa uharibifu.

Giaboksi ile ilikuwa imara, lakini ilimtaka dereva awe na mkono wa subira. Gia ya tatu na ya nne tu ndizo zilizokuwa na sinkromeshi, yaani kifaa kinacholinganisha mwendo wa meno kabla hayajashikana. Aliyetaka kurudi gia ya pili au ya kwanza huku gari linakwenda, ilimpasa kukanyaga klachi mara mbili na kupandisha mwendo wa injini katikati; asipofanya hivyo, meno yalilia. Mfululizo wa pili ulitoka mwaka 1958, nao haukuondoa udhia huo. Ni mfululizo wa tatu, wa mwaka 1971, uliotia sinkromeshi katika gia zote za mbele.

Hapo ndipo desturi ya kubadilisha ilipopata nguvu, kwa maana giaboksi ya 1971 ni ndugu wa damu wa zile zilizotangulia. Urefu wake unakubali, na mahali pake pa kukaa panakubali. Fundi huondoa viti, sanduku la viti na mabamba ya sakafu, akafungua shafti za propela, kisha giaboksi na transfa yake hunyanyuliwa kupitia ndani ya gari. Linalomtaka uangalifu ni klachi: namna ya kuisukuma ilibadilika katika mfululizo wa tatu, hata ikampasa kulinganisha nyumba ya klachi na mkono wake kabla ya kufunga bolti. Baada ya hapo mgeni hukaa kwa amani.

Hali ni nyingine mgeni asipokuwa wa ukoo. Mwaka 1983 Land Rover jipya la inchi 110 lilipata giaboksi ya gia tano, na transfa iliyopeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne wakati wote, kama ilivyokuwa tayari katika Range Rover tangu 1970. Mwenye gari la kale, aliyechoka kusikia injini ikinguruma juu ya lami, huitamani gia hiyo ya tano. Lakini giaboksi ni ndefu zaidi, kwa hiyo shafti ya propela ya nyuma hufupishwa na ya mbele hurefushwa, na mhimili unaoibeba giaboksi huhamishwa.

Tatizo kubwa zaidi limejificha mbele. Ekseli ya mbele ya Land Rover la kale ina viungo ambavyo, gurudumu likigeuzwa, havizunguki kwa mwendo mmoja: huharakisha na kupunguza katika kila mzunguko. Kasoro hii haikusumbua zamani, kwa sababu magurudumu ya mbele yaliitwa kazini penye tope na mchanga tu, mahali tairi linapoweza kuteleza. Yakisukumwa wakati wote juu ya lami, usukani hutetemeka katika kila kona. Hivyo anayeleta transfa ya namna hii hulazimika kufikiri juu ya ekseli. Akiisha kuongeza mwendo, hulazimika kufikiri na juu ya breki. Difu nazo zina neno lao: za Land Rover la kale zina uwiano wa 4.7 kwa 1, ilhali za Range Rover zilikuwa 3.54 kwa 1. Kumbe aliyedhani anabadilisha kiungo kimoja ameugusa mwili mzima.

Je, gari hilo bado ni lile? Kwa miaka mingi mamlaka ya usajili wa magari ya Uingereza ilijibu kwa hesabu. Chasisi ilipewa alama 5. Springi 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, na injini 1. Gari lililobadilishwa, likiwa na chasisi halali na kufikisha alama 8, lilibaki na namba yake. Aliyebadilisha giaboksi peke yake alipoteza alama 2 katika 14. Lakini aliyefuata na ekseli, springi na usukani alikuwa amebakiwa na 6, na sheria haikumtambua tena.

Hesabu hiyo ina hekima inayowafaa pande zote mbili. Land Rover la mwaka 1948 lililosalia kama lilivyotoka kiwandani ni hati ya historia, na hati haisahihishwi; giaboksi yake na iachwe ilie. Lakini lile linalobeba mahindi, maji na wagonjwa halikuundwa liwe hati. Mwenye gari la namna hiyo atende kama Wilks, akiisha kujua mabadiliko yake yatakomea wapi. Na giaboksi ya asili aipake mafuta, aifunike, aiweke ghalani, ili atakayelirithi gari awe na hiari ya kuirudisha.