Nyimbo za Tagore katika sauti mpya: albamu ya kwanza ya Sahana Bajpaie

MWAKA 2007 mwimbaji Sahana Bajpaie alitoa nchini Bangladesh albamu yake ya kwanza, Notun Kore Pabo Bole, jina linalokaribia maana ya "ili nikupate upya". Hakuanza na nyimbo za kutungiwa yeye, bali na zile za Rabindranath Tagore, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 1913, ambaye Wabengali wa India na wa Bangladesh humhesabu kuwa wao kwa usawa.

Kwa chipukizi, huo ni mtihani mgumu. Tagore, aliyefariki dunia mwaka 1941, aliacha nyimbo zaidi ya 2,000, nyingi akiwa ametunga maneno na mahadhi yeye mwenyewe. Maneno yamekusanywa katika kitabu kiitwacho Gitabitan, na mahadhi yameandikwa kwa alama za muziki katika mfululizo wa Swarabitan. Wasikilizaji wamezizoea tangu utotoni, tena kwa sauti za magwiji kama Kanika Banerjee, Suchitra Mitra na Hemanta Mukherjee. Anayekosea hata pumzi hujulikana mara moja.

Zamani ugumu haukuishia masikioni mwa wasikilizaji. Haki miliki ya kazi za Tagore ilikuwa mikononi mwa Visva-Bharati, chuo alichokianzisha mwenyewe huko Santiniketan, Bengal Magharibi. Bodi ya Muziki ya chuo hicho ndiyo iliyopitisha au kukataa rekodi kabla hazijaingia sokoni. Mwimbaji Debabrata Biswas, aliyependwa mno na umma, aligongana na bodi hiyo iliyoona kuwa ala zake zilizidi kiasi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaacha kurekodi nyimbo hizo. Mgogoro huo aliuandikia kitabu chenye uchungu, na hadi leo Wabengali wanaujadili.

Haki hiyo ilikaribia kwisha mwaka 1991, miaka 50 baada ya kifo cha mshairi, lakini India ikaongeza muda hadi miaka 60. Mwisho wake ukawa Desemba 31, 2001. Tangu hapo kila studio ikawa huru. Zikatoka rekodi za kila namna, nyingine, kwa kweli, heri zisingetoka.

Albamu ya Bajpaie ilizaliwa katika hewa hiyo ya uhuru, ila mwenyewe alikuwa mtoto wa nyumba ya kale: alilelewa na kusomeshwa Santiniketan. Mpangilio wa ala ulifanywa na mwanamuziki wa Bangladesh, Shayan Chowdhury Arnob, ambaye naye alipitia Santiniketan na kujifunza huko esraji, ala ya nyuzi ipigwayo kwa upinde. Gita inasikika mahali ambapo wahafidhina wangetarajia harmoniamu, lakini mwimbaji hakwenda mbali na mahadhi aliyofundishwa. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kazi hii: kilichobadilika ni kinachouzunguka wimbo, si wimbo wenyewe.

Wahafidhina hawakosi hoja. Tagore mwenyewe hakupenda waimbaji wapinde mahadhi yake watakavyo. Hata hivyo, ikumbukwe kuwa naye aliazima bila haya. Amar Sonar Bangla, ambao sasa ni wimbo wa taifa wa Bangladesh, aliuandika mwaka 1905 kwa kufuata mahadhi ya Gagan Harkara, tarishi aliyekuwa akiimba nyimbo za Wabaul, waimbaji wa dini wazungukao vijijini.

Dhaka kuna uzito wa ziada. Mwaka 1967, nchi hiyo ikiwa bado Pakistan ya Mashariki, serikali ilitangaza kuzizuia redioni nyimbo za Tagore zilizodaiwa kupingana na itikadi ya taifa. Wasomi na wasanii walipinga hadharani, na chama cha utamaduni cha Chhayanaut, kilichoanzishwa mwaka 1961, kiliendelea kuzifundisha. Uhuru ulipopatikana mwaka 1971, wimbo wa taifa ulichaguliwa kutoka kwa mshairi huyohuyo. Kwa wazee walioyaona hayo, kumkabidhi kijana nyimbo hizo na gita lake si jambo jepesi.

Bajpaie baadaye alihamia London, ambako aliendelea kuimba, nyimbo za Tagore pamoja na za kiasili za Bengal.