Mnyoo wa ini hauenezwi na kisu cha mchinjaji

Wafanyakazi wa vichinjio huogopa kugusa ini la ng'ombe lenye mnyoo bapa. Hofu hiyo imekosea mahali. Mkaguzi wa nyama ana haki ya kulitupa, ila anayekula ini hilo likiwa limepikwa haambukizwi. Mayai hupita tumboni na kutoka na choo, na huenda yakampotosha mpimaji wa maabara.

Hatari imo majini. Yai hutoka na kinyesi cha mifugo, huanguliwa kidimbwini, na mnyoo mchanga humwingia konokono. Humo huongezeka, kisha hutoka na kujibandika kwenye majani. Mchungaji anayetafuna majani hayo mabichi, au kunywa maji wanakonyweshwa ng'ombe, ndiye ajitiaye mashakani.

Homa na maumivu chini ya mbavu za kulia hutangulia. Mayai huchukua miezi 3 au 4 kuonekana chooni, hivyo daktari asiyeambiwa mgonjwa hufanya kazi gani hudhani ni homa nyingine. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, haifui dafu hapa. Inayotumika ni triklabendazoli, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito.